Padri Kaoa, Mama Padri Je?

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya arusi, wazazi wa pande zote mbili, masista, mapadri wenzangu mliovaa mashati ya maua mkidhani sitawatambua, ndugu wageni waalikwa: nawasalimu nikiwa paroko wenu, na leo nina furaha mpaka kola inanibana.

Bwana arusi huyu tulimwita Kengele seminarini, kwa kuwa ndiye aliyetuamsha alfajiri. Tulipata upadrisho siku moja. Mwaka juzi aliomba kuachiwa huru kutoka upadri, Roma ikamkubalia, sasa anafundisha hesabu, na asubuhi hii nimemfungisha ndoa na muuguzi wetu, yule dada anayewachoma sindano wanaume wazima wakalia mbele ya watoto wao. Kengele, umepatikana!

Jumapili yake ya kwanza kukaa benchi kama ninyi, nilinyoosha mikono nikaimba, "Bwana awe nanyi." Naye, mazoea yana taabu, akanyoosha yake akaimba vilevile nyuma ya nguzo. Waumini mkamjibu yeye! Mlicheka, nami nilicheka. Lakini mama yake alijifunika uso kwa mtandio, akatoka kwa mlango wa pembeni. Tangu hapo mama huyo wa benchi la mbele, tuliyemwita Mama Padri mpaka sokoni, husali misa ya alfajiri, benchi la mwisho, na jina hilo akiitwa haitiki.

Nanyi hamniachi, hata kwenye foleni ya benki: "Baba, mapadri waruhusiwe kuoa?" Ndugu zangu, useja wetu ni sheria ya Kanisa, haumo katika amri kumi, wapo Wakatoliki wenzetu wa Mashariki ambao padri wao ana mke na watoto, na misa yao ni misa. Mimi nikiitwa kwa mgonjwa, naondoka bila kuulizwa nitarudi lini, na hiyo ni faida. Nikirudi, hakuna anayeuliza nimefikaje. Na mafundisho ya ndoa nayatoa kama mtu anayesifia chumvi kwa kusoma pakiti! Wakubwa wakiniuliza nitasema: wanaotaka waruhusiwe. Mimi sitaoa, nimeridhika, na nani angevumilia kukoroma kwangu? Lakini Kengele alikuwa padri mzuri kuliko mimi, na inaniuma kwamba ilibidi achague. Tumefaidika nini kumkosa altareni?

Mama, wewe uliyekaa karibu na mlango, mkoba mapajani kama msafiri, nisikilize. Nilipokupokea uliniambia, "Baba, niache hapahapa, mimi sina cheo tena." Mama, mwanao hakuiba wala hakutoroka, ameomba ruhusa, ameoa mchana kweupe, na hebu mtazame anavyocheka! Kuhusu cheo: mama yangu mzazi tulimzika kabla ya upadrisho wangu, na siku ile nilipotoka kanisani sikuwa na wa kumkimbilia. Kwa hiyo parokia hii ina padri asiye na mama, na ina Mama Padri anayedhani hana padri. Mbele ya watu wote hawa nakuomba, nichukue mimi. Niwe mwanao wa pili.

Anasimama! Vijana, sogezeni viti, mpisheni. Karibu, mama, karibu mezani. Naam? Sema, nakusikia.

Mmesikia wenyewe? Anasema, "Mwanangu, umesema mno, watu wana njaa. Kaa chini."

Basi nimeshapata mama, nakaa. Asanteni sana kwa kunisikiliza.