Dada Parthena na Watu Thelathini na Mmoja

Baba Padri, jamaa, majirani wa Stavroupoli na ninyi mliotoka mbali: mimi ni Lambis Tsitlidis, mdogo wake marehemu. Familia imeniambia nisome mimi. Nilikataa mara mbili, na sababu mtaisikia humu humu.

Parthena Amanatidou, kwa jina la mumewe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 katika kijiji cha Mikhailovka, karibu na Sukhumi, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Iordanis Tsitlidis, mkulima wa tumbaku, na mama Kyriaki. Mwezi Juni 1949 askari waliwapa wazazi, kama Wagiriki wote wa pwani ile, saa mbili wafunge mizigo. Mama alibeba cherehani mkono huu na Parthena mkono huu. Baada ya siku nyingi ndani ya behewa la ng'ombe waliteremshwa kwenye nyika ya Kazakhstan, penye machimbo ya madini ya risasi, mahali palipokuja kuwa mji wa Kentau. Huko ndiko nilikozaliwa mimi mwaka 1953, na huko ndiko dada alikonilea, maana mama alishinda kazini.

Alisoma shule ya Kirusi hadi mwaka 1964. Alikuwa hodari wa hesabu na alitaka kuwa mhandisi, lakini kifua cha baba kilikuwa kimekwisha kwa vumbi la machimbo, na nyumba ilihitaji mshahara. Akajiunga na mafunzo ya kuendesha kreni, mwanamke peke yake kati ya wanaume ishirini na wawili. Alipata cheti tarehe 3 Juni 1966, akaendesha kreni za ujenzi kwa miaka ishirini na minne. Mtaa mzima wa mashariki wa Kentau uliinuliwa na mikono yake.

Ndoa yake ilianzia kazini. Fyodor Amanatidis, mchomeleaji, alikuwa akisimama chini ya kreni bila sababu ya maana. Maneno ya kwanza ambayo mke wake alimwambia yalitoka juu mita thelathini: "Wewe mwenye kofia! Toka chini ya mzigo, au hujipendi?" Fyodor alizoea kusema kwamba alitoka chini ya mzigo ule akaingia chini ya mwingine. Walifunga ndoa Jumapili tarehe 12 Oktoba 1969, wakajaliwa watoto wawili, Elpida na Anestis. Shemeji alitutangulia mwaka 2008.

Tulihamia huku Thessaloniki, kwa Wagiriki wenzetu, Novemba 1990, familia mbili, masanduku kumi na moja. Cheti chake kilitazamwa na karani, kikageuzwa juu chini, kikarudishwa. "Hiki hakitambuliki, mama." Basi akauza kwenye soko la Jumatano vitu tulivyokuja navyo: mashuka, darubini, keekee za kutobolea ukuta. Vilipokwisha akaanza kukaanga piroski, maandazi yenye viazi na kabichi ndani, akawa anazipeleka saa nne asubuhi kwenye saiti za ujenzi za Evosmos. Wenyeji walimwita "Mrusi". Yeye alijibu, "Kule waliniita Mgiriki. Nikihamia mwezini labda nitaitwa Parthena."

Kikapu kile kiliuza piroski, lakini kilibeba na habari. Dada alijua saiti gani inataka fundi wa vigae, karakana gani ya manyoya inataka mshonaji, ajuza gani ana watoto Ujerumani na hana wa kumpikia. Kwetu kazi haikutangazwa gazetini, ilipita kinywani mwa Parthena, na hakuchukua hata senti ya mtu. Kufikia mwaka 1996 watu wetu thelathini na mmoja walikuwa wakifanya kazi kwa mkandarasi mmoja, Stergios Vamvoukas, na wote walifika pale kwa neno lake. Mimi nilikuwa wa thelathini na mmoja. Nilikuwa nyapara.

Alhamisi tarehe 17 Oktoba 1996, upepo wa Vardari ulianza kuvuma asubuhi. Yura Kalaitzidis, mtu wetu kutoka Tsalka, alikuwa juu kwenye kreni. Dada alifika na kikapu chake, akatazama juu, akauliza, "Lambis, mbona mzigo unacheza?" Furushi la nondo lilikuwa linaning'inia juu ya ghorofa ya tano, linapepesuka. Wanaume wanne walikuwa wamelala kifudifudi juu ya zege, na kila lilipopita waliufunika utosi kwa mikono. Tulimwita Yura kwenye redio. Kimya.

"Ameanguka huko juu," dada alisema. Akaweka kikapu chini.

"Unakwenda wapi?"

"Wewe unajua kuushusha?"

"Zima moto wanakuja!"

"Mnyororo wa mzigo ule utawasubiri?"

Alivua viatu akapanda ngazi kwa soksi, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, sketi ameikusanya kiunoni. Nilihesabu vipandio mpaka nikashindwa. Mara mbili upepo ulimbandua mguu. Mara ya pili alibaki akining'inia kwa mikono, na shemeji Fyodor, aliyekuwa akichomelea pale karibu, alipiga magoti kwenye tope, akajifunika uso. Halafu kreni ikaguna. Mkono wake ukazunguka taratibu kuufuata upepo, mzigo ukatulia, ukashuka, ukakaa chini kama yai linalowekwa mezani. Wale wanne wako hai. Wawili nawaona hapa. Alikaa kule juu na Yura, amempakata, mpaka zima moto walipomteremsha kwa kamba. Moyo wa Yura ulikuwa umesimama kidogo. Mkono wake wa kushoto haukufanya kazi tena kamwe.

Hapa ndugu zangu ndipo penye ugumu.

Jumatatu iliyofuata mkaguzi wa kazi alikuja. Kabla hajafika, Vamvoukas alimwita dada kwenye kibanda cha ofisi. Nilikuwepo. Alimvutia kiti.

"Mama Parthena, wewe ni shujaa. Kuanzia kesho kreni ni yako, na makaratasi nitayashughulikia mimi. Kitu kimoja tu: kule juu ulisikia harufu ya pombe."

"Sikusikia."

"Upepo ulikuwa mkali, pengine pua iliziba. Fikiri vizuri. Nina watu wako thelathini na mmoja. Saiti ikifungwa, watakula nini, piroski zako?"

Dada alinitazama. Alitegemea niseme neno, na nilisema. Nilimwambia, "Dada, sema tu. Yura keshaharibikiwa. Sisi bado."

Yura akiitwa mlevi, hakuna fidia wala pensheni, na kesi juu. Alikuwa na watoto wadogo watatu. Nilikuwa nalijua hilo nilipofungua mdomo.

Mkaguzi aliingia, akafungua daftari. Dada alisimama. Alisema Yura alikuwa juu tangu saa kumi na mbili asubuhi, ikiwa ni siku yake ya kumi na tisa mfululizo, bila wa kumpokea. Alisema kifaa cha kuonya upepo kilikuwa kimekatwa waya, na waya umesokotwa kwa mkono, si kwa bahati mbaya. "Hakunywa," alisema. "Alikuwa na chupa ya chai. Niliinywa mimi nilipokuwa nawasubiri watu wa kamba." Mkaguzi akanigeukia: nyapara anasemaje? Nikasema mimi sikuwa juu, sijui.

Saiti ilifungwa wiki ile. Wote thelathini na mmoja tukawa mitaani, Novemba inaingia. Watu walivuka barabara wakimwona. Mwanamke mmoja alimwambia kanisani, mbele ya mishumaa, "Ulitupa mkate kwa mkono mmoja, ukatunyang'anya kwa mwingine." Mimi nilifanya vibaya zaidi, kwa sababu sikumwambia lolote. Kwa miaka minne sikuingia nyumbani mwake. Pasaka alituma mayai mekundu, mke wangu akayapokea mlangoni.

Yeye alivaa viatu akatoka. Alikwenda kwenye saiti za Kalamaria, bandarini, kwenye viwanda vya mikate vya Menemeni, mpaka Kastoria kwenye karakana za manyoya. Mtu mmoja mmoja, jina kwa jina, akiwatafutia mahali. Alifuata hata yule mwanamke wa kanisani. Mwisho wa msimu wa baridi nami niliitwa kazi kwenye ghala la mbao la mzee Prodromos, nikajisifu nyumbani kwamba jina langu linajulikana. Mwaka 2000 mzee yule aliniambia, akicheka, "Jina lako? Dada yako alikuja hapa mara saba. Mara ya saba nilikukubali ili nipate kupumua. Alinikataza kukuambia."

Siku ile nilikwenda kwake. Alifungua mlango, akanitazama, akasema, "Supu inapoa." Tukala. Hatukulizungumza, siku ile wala nyingine.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Septemba iliyopita. Hakutaka kulazwa mpaka Januari. Alizidiwa Jumamosi, na Jumatatu tarehe 11 Februari 2019, saa tisa alasiri, akafariki akiwa na Elpida kulia na Anestis kushoto, akiwa na umri wa miaka sabini na moja. Mimi nilikuwa kwenye korido natafuta maneno. Nilipoingia nikiwa nimeyapata, nilikuwa nimechelewa kwa dakika chache.

Basi nayasema hapa, na padri ashuhudie. Dada Parthena, nilijua Yura hakunywa. Niliona waya ukikatwa, mwezi Agosti, nikanyamaza. Nisamehe.

Marehemu ameacha binti Elpida na mumewe Minas, mwana Anestis na mkewe Zoi, wajukuu watatu, Kyriaki, Fedon na Iordanis, wifi yake Matrona, na ndugu mmoja aliyebaki, ambaye ni mimi. Misa ya arobaini itasomwa Jumamosi tarehe 23 Machi. Baada ya maziko, ngano ya kuchemshwa ya kumkumbuka marehemu na supu ya samaki viko ukumbini. Asiondoke mtu na njaa.

Udongo umlalie mwepesi, Bwana ampe pumziko, na jina lake lisichoke midomoni mwetu.