Viti Vitatu vya Mwalimu Kwahiyo

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Ndugu Mwenyekiti wa Baraza la Taaluma, walimu wenzangu, Mama, mke wa mstaafu wetu, pamoja na wanao, na nyinyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza mliojipanga karibu na meza ya chakula kwa sababu zisizohitaji hoja: hamjambo?

Nimeombwa nimuage mwalimu wangu wa mantiki, ambaye wanafunzi wa miaka yote wamemwita Kwahiyo. Wageni mtajiuliza jina hilo limetoka wapi. Darasani kwake hakuna aliyeruhusiwa kusema "kwa hiyo" ovyo ovyo. Mbele palikuwa na viti vitatu: viwili vya misingi, kimoja cha hitimisho. Ukitaka kuhitimisha, uliwakalisha kwanza wenzako wawili, kila mmoja akatamka msingi wake, ndipo nawe ukapata ruhusa ya kukaa.

Siku ya kwanza alinikalisha mimi. "Kila paka anaendesha baiskeli," nikatamka kama alivyoniagiza. Mwenzangu akasema, "Mnyama wa jirani yangu ni paka." Wa tatu akakaa: "Kwa hiyo mnyama wa jirani yangu anaendesha baiskeli." Tulicheka hadi machozi. Yeye hakucheka. "Hoja ni halali," akasema. "Uongo uko kwenye msingi." Nani kati yetu alikuwa amewahi kuwaza kwamba hoja inaweza kuwa na mifupa iliyonyooka na nyama iliyooza?

Mwaka ule ule mtihani ulivuja, na mimi nikapata alama zote. Nikaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Mama yangu mzazi, fundi cherehani, alibaki nje kwenye korido akiwa ameukumbatia mkoba wake, maana kama ningefukuzwa hapa, hakuna chuo kingine ambacho kingenipokea.

Mwenyekiti wa kamati akasema, "Aliyeuona mtihani mapema lazima apate zote. Binti huyu amepata zote. Basi aliuona." Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Kwahiyo akaomba ruhusa, akavuta viti vitatu katikati ya chumba.

"Mwenyekiti, njoo ukae hapa."

"Mwalimu, hapa si darasani!"

"Kaa tu, mzee mwenzangu, miguu ipumzike."

Akamkalisha na mjumbe mwingine kando yake, akawatamkisha: kila daktari wa meno ananawa mikono, mpishi wetu ananawa mikono. Kisha akakaa yeye kwenye kile cha tatu. "Kwa hiyo jino langu linaloniuma nampelekea mpishi."

Mwenyekiti alikuwa mtu wa huruma, akatafuta suluhu. "Basi kwa kuwa hatuna uhakika, tumpe nusu ya adhabu. Asimamishwe muhula mmoja." Hapo ndipo nilipomwona Mwalimu amekasirika kweli. "Ama aliuona, ama hakuuona. Hakuna cha katikati. Hiyo nusu iko vichwani mwenu, haiko kwenye kitendo chake. Mtamwadhibu kwa kutojua kwenu?"

Nikaachiwa.

Sikuuona mtihani ule, ndugu zangu. Nilisoma tu. Lakini sikilizeni kilichoniuma: hata mara moja Mwalimu hakusema kwamba sina hatia. Alisema hawajaonyesha kwamba ninayo. Wanafunzi, mnaiona tofauti? Hoja ikivunjika, hitimisho lake halijageuka uongo. Limekosa tu cha kulishikilia. Tulipotoka nikamwuliza, "Mwalimu, wewe unaniamini?" Akasema, "Nenda kipindini, binti yangu. Umechelewa."

Nimelibeba swali hilo mpaka juzi, nilipokuwa nikimsaidia kuhamisha vitabu ofisini, kwa sababu kuanzia Jumatatu kipindi chake cha mantiki ni changu. Nikamwuliza tena. "Sikujua," akasema. "Sijui mpaka leo. Wa kukuamini ulikuwa naye, alikuwa kwenye korido. Mle ndani ulihitaji mtu wa kuuliza." Nilikasirika, niseme ukweli. Boksi la watu nikalizungushia selotepu mpaka sidhani kama litafunguka.

Asubuhi hii Mama, mkewe, amenivuta kando, akanirekebisha kola, akasema, "Siku ya kikao chako alivaa suti yetu ya harusi. Nikamwuliza, 'Kulikoni, unakwenda kuoa tena?' Akanijibu, 'Nakwenda kwa binti yangu.'"

Mwalimu, usiiname, nakuona. Tangu asubuhi nimejaribu kuhitimisha kitu kutokana na suti ile na neno lile, na hakifuati. Mtu huvaa suti kwa sababu nyingi, na kila mwanafunzi wa kike ulimwita binti yako. Kwa kanuni zako mwenyewe siwezi kuthibitisha kwamba uliniamini. Lakini leo nina furaha, na furaha yenyewe siwezi kuitetea mbele ya kamati yoyote.

Kwa subira yenu ya kunisikiliza, asanteni sana.