Kadi Sita Katika Kopo la Kahawa

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe kwenu mlio majumbani, mlio kazini na mlio safarini.

Leo ni Alhamisi. Jumamosi hii, saa saba mchana, Korongo, timu ya Chuo cha Marlow, wanaufungua msimu wao wa mpira wa Kimarekani. Katika juma kama hili, kila mwaka, sisi huwaeleza habari za wadakaji wetu, vijana wale watokao mbio pembeni na kugeuka kuudaka mpira uliorushwa. Huwaeleza nani atasimama kushoto, nani kulia, na nani ndani. Leo pia tutawaeleza. Lakini mwaka huu habari za wadakaji haziwezi kutangulia. Inatangulia habari ya marehemu.

Kocha Lucius Pettway amefariki. Alifariki tarehe kumi na tisa Julai, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Aliwafundisha wadakaji wa Marlow kwa miaka thelathini na mmoja.

Mauti yalimkuta akikata nyasi za ua wake, adhuhuri, jua likiwa kali kama linavyokuwa hapa Alabama mwezi huo. Mkewe, Bi Ernestine, alikuwa jikoni akiambua maharage. Alisikia mashine ya nyasi imegonga uzio wa ua na kubaki hapo, inanguruma mahali pamoja.

"Lucius hakai mahali pamoja," Bi Ernestine ametuambia. "Miaka arobaini na miwili ya ndoa, sikuwahi kumsikia akikaa mahali pamoja. Nikaacha maharage. Nilijua kabla sijafika mlangoni."

Ni kweli, wasikilizaji wapendwa, hakukaa. Alikula amesimama. Kanisani mchungaji alimpa kazi ya kupokea watu mlangoni, kwa sababu akiketi benchi zima lilitikisika. Uwanjani ndiyo kabisa. Mchezo ulipoanza, Kocha Pettway alitembea kando ya mstari, hatua kumi na mbili kwenda, hatua kumi na mbili kurudi, hadi filimbi ya mwisho. Mahali hapo nyasi hazioti tena. Kila aliyewahi kuketi upande wa mashariki wa uwanja wetu anakijua kile kijia cha udongo mwekundu.

Walio wazee miongoni mwetu wanajua pia kijia hicho kilianzia wapi. Kilianza mwaka 1980.

Mwaka huo Lucius Pettway alikuwa mdakaji wa Marlow, kijana wa miaka ishirini na mmoja, mwenye namba themanini na nne mgongoni. Tulikuwa tunacheza na wapinzani wetu wa ng'ambo ya mto. Zilibaki sekunde nane. Tulikuwa nyuma kwa pointi nne. Ulibaki mpira mmoja tu wa kurusha. Vijana walipokusanyika kupanga, Lucius alimkamata mrushaji kwa fulana akamwambia, "Nirushie mimi." Mrushaji akatii. Lucius alikuwa amezingirwa na walinzi wawili, na mpira ukanyakuliwa na mmoja wao. Wakati huohuo, upande wa pili wa uwanja, rafiki yake Amos Gadsden alikuwa amesimama bila mlinzi hata mmoja.

Mzee Amos yu hai, na anayasimulia hayo bila kinyongo.

"Nilikuwa peke yangu, bwana," anasema. "Ningeweza kuketi nikafunga kamba za viatu, nikasimama tena, nikaudaka. Sikumlaumu. Kesho yake akaja nyumbani kuniomba radhi, akamkuta dada yangu Ernestine kibarazani. Basi yeye akapoteza mchezo akapata mke. Mimi nilipoteza mpira, kisha nikapata shemeji asiyeweza kuketi mezani kwangu."

Mzee Amos alisamehe siku ileile. Lucius hakujisamehe. Alipokabidhiwa wadakaji, mwaka 1994, alianzisha desturi ambayo hatujaisikia kwingine.

Mazoezi ya masika yanapokwisha, kila mdakaji hupewa kadi moja tupu. Juu ya kadi hiyo huandika jina moja: jina la yule ambaye angetaka arushiwe mpira, ikiwa umebaki mpira mmoja tu. Sharti ni moja. Usiandike jina lako. Kadi hazitiwi saini. Zinaingia katika kopo la kahawa, na mfuniko unazungushiwa utepe. Siku ya mwisho ya Julai Kocha Pettway alilifungua kopo hilo peke yake, bandani kwake. Kisha alibandika orodha ya wachezaji, kwenye karatasi ya njano, juu ya mlango wa chumba cha vyuma vya mazoezi. Nani aliandika nini, hakumwambia mtu. Hata mkewe hakumwambia.

"Si kura," alizoea kusema. "Saa inanionyesha nani ana mbio. Kadi zinanionyesha nani anaaminiwa."

Mwaka huu alifariki siku kumi na mbili kabla ya siku ya kulifungua. Kopo likabaki rafuni, na utepe wake haujakatwa.

Sasa tuwatazame wadakaji wenyewe. Wako sita. Wanaoanza mchezo ni watatu. Nafasi ya kushoto haina ubishi, ni ya Keyshun Broadnax, kijana mrefu aliyedaka mipira tisa ya kuvuka mstari wa mwisho mwaka jana. Ya kulia ni ya Yancey Odom, ambaye hukatiza katikati, penye vishindo, wala hafumbi macho. Nafasi ya tatu, ile ya ndani, karibu na mrushaji, ndiyo iliyoukosesha mji huu utulivu tangu Julai.

Iliwaniwa na wawili. Wa kwanza ni Jamarion Tolliver, aliyehamia kwetu mwaka jana kutoka chuo kikubwa. Hakuna mwenye mbio kama zake. Wa pili ni Cordell Minter, mfupi, mwenye mabega ya mfua chuma. Minter hakuitwa Marlow na mtu. Alijitokeza mazoezini mwenyewe, na kwa miaka mitatu hajawahi kuanza mchezo hata mmoja. Kwa wote wawili huu ni msimu wa mwisho. Atakayeikosa nafasi hii hataipata tena.

Kocha mpya, Bwana Weems, alimpigia Bi Ernestine simu mara tatu kuuliza habari za kopo. Mara tatu Bi Ernestine alimjibu kwamba siku yake haijafika. Huko uwanjani kofia ngumu zilitupwa chini. Broadnax na Odom, marafiki wa miaka miwili, walishikana mashati kwa sababu ya chupa ya maji. Joto lilikuwa kali, na mtu wa kutembea kando ya mstari hayupo.

Siku ya mwisho ya Julai ikafika. Bi Ernestine aliingia bandani, akakata utepe kwa kisu cha mumewe, akamwaga kadi juu ya meza. Kadi zilikuwa sita. Nne zilikuwa na jina la Minter. Mbili zilikuwa na jina la Tolliver. Akazirudisha. Bado hakumpigia simu Bwana Weems. Anasema kulikuwa na jambo lililomkataza, ila hakujua ni lipi.

Siku tatu baadaye Jamarion Tolliver alibisha mlangoni kwake akiwa na nyundo. Alisema amekuja kuutengeneza ua uliogongwa na mashine. Alipigilia misumari, akaing'oa, akaipigilia tena. Bi Ernestine alimtazama kupitia dirisha la jikoni, kisha akampakulia maharage, bamia za kukaanga na mkate wa mahindi, akamwita. Kijana akapokea sahani, akaanza kula amesimama.

"Keti, mwanangu," Bi Ernestine akamwambia. "Nimeshaishi na mmoja wa namna hiyo. Sitaki wa pili."

"Ndiyo, mama." Hakuketi. "Bi Ernestine, lile kopo mmelifungua?"

"Nimelifungua."

"Basi mmeiona kadi yangu."

"Kadi hazina saini."

"Yangu haihitaji saini, mama. Niliandika jina langu mwenyewe."

Wasikilizaji wapendwa, hatulisemi jambo hili ili kumwaibisha kijana. Yeye mwenyewe ameturuhusu. Tulipomuuliza, alijibu kwa neno moja tu, "Semeni."

Bi Ernestine alimuuliza sababu.

"Nilikotoka kila mtu anajiandika," alisema Jamarion. "Na hapa nilijua wote watamwandika Cordell. Wamekaa naye tangu mwaka wa kwanza. Nikajiuliza, nisipojiandika, nani ataniandika? Kocha alikuwa ananiita mezani kwake kila Jumapili, nami nimemfanyia hivyo. Kila nikifunga macho naona anaisoma."

"Hakuisoma," akasema Bi Ernestine. "Utepe ulikuwa mzima." Kisha akamsogezea kiti. "Ila ziko mbili."

"Mbili nini?"

"Kadi zenye jina lako. Ziko mbili. Nne ni za Minter. Ninyi mko sita, na Minter haruhusiwi kujiandika. Haya, hesabu."

Kijana akahesabu. Wanne waliomwandika Minter, na yeye mwenyewe wa tano. Aliyebaki alikuwa Minter. Cordell Minter, anayewania nafasi ileile, ndiye aliyeandika jina la Tolliver.

Jamarion akaiweka sahani mezani, na ndipo alipoketi.

"Lucius angenikasirikia," Bi Ernestine ametuambia. "Miaka thelathini na mmoja hakutoa siri ya kadi, mimi nimeitoa kwa siku tatu. Najua nimevunja desturi yake. Lakini mtoto alikuwa amesimama mbele yangu, anaamini kwamba hakuna hata mtu mmoja anayemwamini. Ningenyamazaje?"

Asubuhi iliyofuata Bi Ernestine alikwenda uwanjani. Alisimama karibu na kile kijia cha udongo, na alisikia kila neno. Minter alikuwa ameketi chini akijifunga plasta vidoleni. Tolliver akamwendea.

"Wewe kifupi. Kadi yako ulimwandika nani?"

"Haisemwi hiyo."

"Uliniandika mimi."

Minter akakata plasta kwa meno. "Usijione. Unaongea mno, unakoroma ndani ya basi, na siku tuliyotoka Georgia ulikula kuku wangu ukasingizia wengine. Lakini ukibaki mpira mmoja, wewe huuangushi. Niandike nini sasa, uongo?"

"Mimi sikukuandika wewe."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Uliifunika kadi kwa mkono mzima, kama mtihani wa hesabu. Odom aliona, Broadnax aliona. Hata Kocha aliona."

"Kocha aliona?"

"Alikuwa nyuma yako, anatembea. Alisimama kidogo, akakutazama, akaendelea kutembea."

Bi Ernestine anasema hapo alishika waya wa ua kwa mikono miwili. Mumewe alijua tangu Aprili. Alijua, na kila Jumapili aliendelea kumwita kijana huyo mezani, akimwekea paja la kuku. Yeye, mkewe, hakuambiwa neno.

Tolliver aliokota kofia yake ngumu. Kisha akavuka uwanja hadi kwa Bwana Weems.

"Kocha, nafasi ya tatu mpe Minter."

"Saa yangu inasema wewe."

"Najua inasema nini. Wanne walimwandika yeye. Kadi yangu moja ni ya udanganyifu, itoe. Mimi nipe kazi ya kuwazuia walinzi, mkimbiaji wetu apite."

"Kazi hiyo hujawahi kuipenda."

"Siipendi hata leo."

Bwana Weems akamtazama Bi Ernestine. Bi Ernestine akamsogelea. Alitoa mkobani karatasi ya njano, tupu, kutoka kwenye droo ya meza ya mumewe, pamoja na penseli yake, akampa.

Basi orodha ni hii, wasikilizaji wapendwa, nasi tunairudia ili pasiwe na ubishi. Kushoto ni Keyshun Broadnax. Kulia ni Yancey Odom. Ndani ni Cordell Minter, anayeanza mchezo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Jamarion Tolliver ataingia wa nne. Juma lililopita, mazoezini, aliwazuia walinzi wawili kwa pamoja na kuinuka na pua inayovuja damu. Minter alimrushia taulo na kumwambia ajifute, anatisha watoto.

Je, ukibaki mpira mmoja, utarushwa kwa nani? Hatujui. Wote wawili wanaweza kuwa uwanjani. Mji mzima unaulizana swali hilo, dukani, kwa kinyozi, hata ibadani, na hatuoni kama litatulia kabla ya Jumamosi.

Jambo moja zaidi. Watunza uwanja walitaka kupanda nyasi mpya kwenye kile kijia. Wadakaji sita walikwenda pamoja kukataa. Na juzi, Jumanne, Bi Ernestine alipowapelekea vijana maji ya ndimu, alimwona Tolliver akingoja zamu yake kando ya mstari. Alikuwa akitembea. Bi Ernestine alihesabu. Hatua kumi na mbili kwenda, hatua kumi na mbili kurudi. Kijana mwenyewe hakuwa na habari.

Kwa Bi Ernestine Pettway, kwa Mzee Amos Gadsden na jamaa yote, na kwa vijana sita waliobaki bila mwalimu wao, sisi wa redio hii tunatoa pole zetu. Mungu awape nguvu, na ampokee mtumishi wake, hata kama itabidi amtafutie kazi ya mlangoni.

Nanyi mnaotusikiliza, tunawaomba jambo moja kabla ya Jumamosi. Chukueni kipande cha karatasi. Andikeni jina la mtu mmoja ambaye mngemwachia mpira wa mwisho wa maisha yenu. Msitie saini, wala msimwonyeshe mtu. Na jina hilo lisiwe lenu.