Bi Vidole na Mgongo wa Gari Letu

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, fundi mkuu wa sura za magari katika karakana yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Jina lake limo kwenye barua za ofisi, lakini ukiliulizia getini watakukodolea macho. Muulizie Bi Vidole, utaonyeshwa mlango.

Jina hilo alilipata kwa kosa. Alipoajiriwa, gari letu dogo lilikuwa bado donge la udongo wa kufinyangia juu ya meza, lenye nyuma iliyosimama wima kama kabati. Mkuu wa usanifu wa wakati huo, mtu wa maneno machache, alipita akielekea mkutanoni akamwambia ashushe mkia vidole viwili. Karakana nzima ilijua kuwa vidole hupimwa kwa upana. Yeye alikuwa na wiki ya pili kazini, akapima kwa urefu. Mkuu aliporudi alikuta paa linateremka kutoka juu ya kichwa cha dereva hadi kwenye taa za nyuma, bila kona hata moja. Akalizunguka mara mbili. Bi Vidole anasema alikwishaanza kukusanya vitu vyake. Mkuu akasema tu kwamba udongo huo usiguswe na mtu.

Hivyo ndivyo ulivyopatikana mteremko ambao sisi tunauita mgongo, na ambao watu huutambua hata gari likiwa limefunikwa turubai.

Toleo la kwanza lilipoingia barabarani, Bi Vidole alienda kuwachukua wazazi wake kwa mbwembwe. Mama akakaa mbele. Baba yake, mpima viwanja mrefu kama mlingoti, akakaa nyuma, shingo imepinda, kidevu kifuani. Walipofika alishuka taratibu, akajinyoosha, akasema, "Gari zuri, mwanangu. Ila mbona linaniombesha radhi na mimi sijamkosea mtu?"

Wote walicheka, naye alicheka. Lakini neno hilo lilimchoma Bi Vidole, na miaka yote iliyofuata alikuwa na deni moja moyoni: baba yake akae nyuma shingo wima, na mgongo usivunjwe.

Haikuwa kazi nyepesi. Kila toleo jipya lilipoanza, kuna aliyependekeza tuukate mgongo, gari liwe sanduku, yaishe. Bi Vidole hakubishana. Alimkalisha mhusika mbele ya udongo, akamwomba aukate mwenyewe kwa mkono wake. Hakuna aliyethubutu. Katika toleo la pili aliwashawishi wahandisi washushe kiti cha nyuma, na wahandisi wetu, nawapenda, lakini kwenye milimita ni mkono wa birika. La tatu alibadilisha mto wa kiti. La nne alipunguza unene wa dari. Hadi la tatu, kila mara mzee alipanda, akapinda, akashuka na kusema bado kidogo.

Toleo la nne lilipotoka, mzee alikaa wima. Tulishangilia. Mimi ninayeandika haya ndiye mpimaji wa karakana, na nilijua kwamba dari lile lilikuwa limetupa nusu ya kidole tu. Nilinyamaza, nisimharibie furaha, na hadi leo sijui kama nilifanya vyema. Jumatatu Bi Vidole aliingia kazini, akaniwekea futi mezani. Alikuwa ameona mikono ya koti la baba yake imemfika kwenye vidole, akampima. "Gari halijapanda," akaniambia. "Baba ndiye ameshuka."

Sijawahi kumwona mtu akikataa sifa namna ile. Mzee mwenyewe alikuwa ameridhika, na mteja hakulalamika. Yeye alianza upya. Safari hii aligundua kwamba adui hakuwa paa. Alikuwa boriti ya chuma inayoshika bawaba za mlango wa nyuma, ambayo tangu toleo la kwanza ilikaa juu kabisa ya utosi wa abiria. Akaisogeza nyuma ya vichwa, akaacha kioo peke yake juu yao. Mgongo haukuguswa.

Wiki iliyopita tulimkalisha nyuma ya toleo la tano dereva wetu wa lori, ambaye ana kimo kilekile alichokuwa nacho mzee siku ile ya kwanza. Alikaa wima. Nikapitisha mkono kati ya utosi wake na kioo: vidole viwili. Bi Vidole akauliza kwa upana au kwa urefu. Nikamwambia kwa upana, kama alivyotumwa miaka thelathini na minne iliyopita. Alicheka mpaka akatafuta leso.

Asante, Bi Vidole, kwa subira yako, kwa mikono yako, na kwa kosa lako. Ijumaa utarudishwa nyumbani kwa gari hilohilo. Baba yako ameomba kiti cha nyuma, na ameniagiza nikuambie kwamba nafasi iliyobaki juu yake inamtosha kuvaa kofia. Tunakutakia maisha mema, shingo wima.