Gari Linalochoka Njia ya Ndagoni

Kijiwe chetu kipo Kilindoni, mji wa kisiwa chetu, ubavuni mwa kibanda changu cha kunyolea, na benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha Land Rover iliyokufa zamani. Springi zake zinachoma lakini hahami mtu. Mimi naitwa Wembe. Kulia hukaa Ussi, tunamwita Turubini, maana aliwahi kufanya kazi gereji moja ya Dar es Salaam na mpaka leo hajamaliza kuisimulia. Katikati ni Mzee Aliakber, mwenye duka la vipuri ng'ambo ya barabara. Jina lake la kijiweni ni Filta, kwa kuwa kwake yeye kila ugonjwa wa gari unaanzia hapo. Yasir ni Mtandao, majibu yake yote yanatoka kwenye simu. Bi Somoe ndiye anayetuuzia kahawa na kashata, na hana jina la utani kwa sababu hajatokea wa kuthubutu. Asubuhi hiyo Prado ya Sleyum ilikuwa mbele yetu, boneti juu, na Sleyum mwenyewe kashika kikombe cha kahawa iliyokwisha poa.

Gari hilo la dizeli, lenye turbo ya kuipulizia injini hewa, Sleyum alilipata kwa watafiti wa matumbawe walipomaliza kazi yao kwenye hifadhi ya bahari. Alilitaka kwa ajili ya watalii wa Utende. Lakini vijiji vya kusini vililijua kwa jambo jingine: mama akishikwa na uchungu, Sleyum anapigiwa simu, na Sleyum anakwenda.

— Tueleze upya, Turubini akamwambia. Pole pole, kama kwa daktari.

— Nimeeleza mara ngapi, Ussi? Linakwenda vizuri, linapiga ule mluzi wake. Ghafla mluzi unakata. Nakanyaga mafuta mpaka chini, hakuna kitu. Linajikokota, mara linazima. Nikizima ufunguo, nikangoja kidogo, nikawasha, linaondoka kama jipya.

— Moshi mweusi?

— Hakuna.

— Mweupe?

— Hata wa ubani.

Turubini akaegemea nyuma, springi ikalia.

— Turbo, hiyo. Turbo ni konokono. Ukimgusa anaingia ndani, ukimwacha anatoka. Si unaona mwenyewe? Ukilipumzisha linarudi.

— Turbo ikifa utaona moshi, akasema Mzee Aliakber. Hii ni filta. Haba na haba hujaza kibaba. Uchafu unaingia kidogo kidogo mpaka unaziba.

— Mzee, Sleyum akasema kwa adabu, filta nimebadili. Nikabadili tena. Ile ya pili ulinifungia kwa mkono wako.

— Basi badili ya tatu. Mbili za mwanzo zimeshalizoea gari.

Hakucheka mtu. Siku nyingine tungecheka, ila sote tulijua kwa nini Sleyum hanywi kahawa yake. Mwezi uliopita alikuwa anamleta Chiku wa Ndagoni hospitali, mama yake Chiku nyuma kamkumbatia. Kwenye ule mchanga mwingi kabla ya kufika barabara kubwa, mluzi ukakata. Alipozima na kungoja, Chiku hakungoja. Mtoto alizaliwa pale pale kwenye kiti, bibi yake akampokea kwa kanga. Walisalimika wote wawili. Lakini Sleyum alirudi mjini siku ile amepauka, na tangu hapo kila anayempigia simu kutoka kusini anamwambia gari liko fundi. Fundi ndio sisi.

Sasa zamu ilikuwa ya Kidawa, dada yake Sleyum wa tumbo moja, kaolewa hukohuko Ndagoni. Mumewe yuko Kilwa kikazi. Nesi wa zahanati alimpima akasema mtoto kakaa vibaya, katanguliza matako, asisubiri uchungu. Aende hospitali mapema. Sleyum alimwahidi atamfuata alfajiri. Alfajiri ikapita. Jua lilikuwa limeshafika kwenye kioo changu cha kunyolea, na tulikuwa bado kwenye konokono.

— Mimi nimelisoma gari hili, Yasir akasema, simu mkononi. Lina kompyuta. Kompyuta ikihisi hatari inalinyima gari nguvu ili lisijiue. Sasa jiulizeni: limewahi kuzima njia ya Kirongwe?

Sleyum akafikiri.

— Hapana.

— Ras Mkumbi je? Mbali kote kule?

— Wala. Nilikwenda na kurudi.

— Linazima wapi?

— Njia ya Ndagoni. Na mara moja Utende.

— Ahaa! Yasir akasimama. Ndani ya hifadhi! Gari lilikuwa la watafiti. Kompyuta yao ilitiwa mipaka ya hifadhi. Likivuka mpaka bila mtafiti ndani, linajua limeibwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

Ninakiri nilichanganyikiwa. Lilikuwa jambo la kipuuzi, lakini lilikuwa limejibu swali ambalo konokono na filta havikulijibu.

— Na mtafiti linamjuaje? Turubini akauliza. Kwa harufu?

— Kwa uzito. Kiti kinapima. Wazungu wale walikuwa wazito.

— Chiku na mimba yake, na mama yake pembeni, walikuwa wepesi? Bi Somoe akasema, akimimina. Nyie mnazunguka tu. Dizeli ina maji. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sleyum kamsifu mno yule anayemletea dizeli ya madumu, yule kaizimua.

— Maji nimeyatoa chini ya filta, Bi Somoe. Hayakuwa hata ya kijiko.

— Basi gari lina huzuni. Wale watafiti wamelizoea miaka, wakapanda ndege bila kuliaga. Mnyama ukimuuza bila kumwambia, hali chakula.

— Gari si mnyama, Sleyum akasema.

— Mwenzako hapo kasema ni konokono, sikukusikia ukimkataza.

Turubini akaona heshima ya gereji ya Dar inaingia doa. Akasema maneno yamezidi, twendeni tukalijaribu. Wanaume tukaingia sote watano, Bi Somoe akabaki na birika. Sleyum aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Lami ya Utende ikafunguka mbele yetu, mluzi ukapanda, minazi ikawa inapita, na gari halikuonyesha ugonjwa wowote. Tukafika Kiegeani. Sleyum akageuza.

— Si unaona? Turubini akapiga dashibodi. Lilitaka kunyooshwa tu!

— Filta ya pili imeanza kukaa sawa, akasema Mzee Aliakber.

— Tumegeuza kabla halijatusoma, akasema Yasir.

Sleyum alikaza macho barabarani. Ila niliona mabega yake yameshuka, na mkono mmoja umeachia usukani. Akasema, karibu kwa kunong'ona:

— Nikiwafikisha, napitiliza Ndagoni moja kwa moja.

Tuliingia mjini tunaimba. Tukapita soko, tukaliona benchi, Bi Somoe kasimama na mkono kiunoni. Pale pale, mbele ya kibanda changu, mluzi ukakata. Gari likajikokota, likatikisika, likazima. Likafika benchini kwa kusukumwa.

Sleyum akalaza paji la uso kwenye usukani. Hakulia, lakini hakuinuka pia. Nilimgusa bega.

— Kaka, nikamwambia, tafuta gari jingine limfuate.

— Nimeshapiga simu toka usiku. Moja liko Baleni na msiba, jingine halina tairi. Na Kidawa mwenyewe simu yake haipatikani tena.

Tukarudi kwenye benchi. Hapo ndipo nadharia zilipoharibika kabisa. Turubini sasa alisema turbo inazunguka kinyumenyume, inanyonya badala ya kupuliza. Yasir alisema mpaka wa hifadhi umesogezwa mpaka mjini na hatukutangaziwa. Mzee Aliakber alitamka kwamba huenda filta zote alizouza mwaka huu ni mbovu, akashtuka kwa alichokisema. Bi Somoe alitaka ubani. Mimi nilikuwa nasikiliza wote na kuwaamini wote, mmoja baada ya mwingine.

Pikipiki ikaja kutoka upande wa kusini, pole pole sana, dereva kafunika pua kwa kitambaa. Nyuma yake, kakaa upande, mkono mmoja kwenye bega la dereva na mwingine chini ya tumbo, alikuwa Kidawa. Vumbi lilikuwa limempaka mpaka kope. Bi Somoe aliacha birika, akamkimbilia, wakamshusha kama anayeshushwa kitandani.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukaitikia, sauti zetu ndogo.

Akanywa maji, akatutazama mmoja mmoja. Akalitazama na gari.

— Limeharibika?

— Limeharibika, dada, akasema Sleyum. Limesimama sasa hivi.

— Haliwaki?

Sleyum akaingiza mkono dirishani, akageuza ufunguo. Gari likawaka bila hata kukohoa, likanguruma kwa afya zake zote.

Kidawa akashangaa.

— Mbona linawaka?

— Linawaka, lakini linazima njiani, Turubini akasema. Ukilizima na kungoja, linaondoka tena.

— Kila mara?

— Kila mara.

— Basi toka alfajiri, kwa kuzima na kuwasha, lingezima mara ngapi mpaka kufika Ndagoni?

Turubini akafungua vidole kuhesabu, akavikunja. Yasir akatazama simu, akaigeuza uso chini. Mzee Aliakber alikuwa anasafisha miwani isiyo na uchafu. Katika maneno yote yale hakuna aliyekuwa amelifikia swali hilo.

Kidawa akamsogelea kaka yake.

— Jana nimelala kwa Chiku. Ananiambia mwanawe kazaliwa kivulini, kwenye kiti laini. Anakuombea dua. Mimi nimekuja juu ya pikipiki, kaka. Uliliogopa gari au uliniogopa mimi?

Sleyum akampangusa vumbi begani.

— Nilikuogopea.

— Basi niogopee tukiwa njiani.

Akafungua mlango mwenyewe, akapanda. Bi Somoe akapanda upande wa pili, bila viatu, na sisi watatu tukajibana nyuma kwenye sehemu ya mizigo. Mzee Aliakber alibaki kulinda birika. Kutoka kijiweni mpaka hospitali si mbali. Hata hivyo kwenye kona ya msikiti mluzi ukakata. Sleyum akazima. Akaweka mikono mapajani, akangoja, midomo ikimtembea. Kidawa alikuwa anapumua kwa nguvu sasa, kamshika Bi Somoe mkono mpaka bangili zimemwachia alama. Sleyum akawasha. Tukaenda.

Daktari alimpokea pale pale. Akasema kesho asubuhi atampasua, na kwamba afadhali kaja leo.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa wote uani pa hospitali, na kwa kuwa kungoja bure kunamtesa mwanamume, Turubini akasema atazame kitu kimoja ambacho hajakitazama. Yeye na Sleyum wakainua zulia la nyuma ya gari, wakafungua kifuniko cha juu ya tangi, wakachomoa geji ya mafuta na bomba lake la kuvutia mafuta. Mdomoni mwa bomba palikuwa na kitu kimejibandika. Turubini akakibandua kwa kucha: kiplastiki chembamba cha duara, kile kinachoziba mdomo wa dumu jipya.

— Kinaelea humo ndani, akasema taratibu. Bomba likikivuta, mafuta yanakatika. Ukizima gari, kinaachia, kinaelea tena.

Sleyum akakipokea. Alikigeuza, akakitazama upande huu na upande ule.

— Hiki?

— Usione vyaelea, vimeundwa, akasema Bi Somoe, na safari hii hakuna aliyejua kama methali imekaa mahali pake au la.

— Lakini kwa nini njia ya Kirongwe halizimi? Yasir akauliza.

Kabla hajajibiwa mlango wa wodi ulifunguliwa, nesi akatoka na furushi la kanga. Akauliza mjomba ni nani. Sleyum akatupa kiplastiki, akanyoosha mikono, akaiona imejaa dizeli mpaka viwiko. Akairudisha. Akatafuta kwenye kanzu yake pa kujifutia, nayo ilikuwa vilevile.

— Mama yake mzima? akauliza.

— Mzima. Analala. Ni msichana.

Bi Somoe akampokea mtoto, akamfunua uso, akamsogeza karibu. Sleyum akafumbata mikono yake nyuma ya mgongo, mbali na kanga, akainama mpaka kwenye sikio la kulia la mtoto, akaanza kumwadhinia.