Bi. Haugen na Kufuli la Kitabu cha Solveig

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2023, Bi. Winifred Haugen anastaafu baada ya kuitumikia Maktaba ya Wasioona ya hapa Fargo kwa miaka thelathini na minne. Alianza kwa kunakili kanda za sauti, anaondoka akiwa mkuu wa kitengo cha vitabu vya kompyuta, yaani vile vinavyosomwa kwenye kompyuta badala ya karatasi. Hakuna anayekumbuka siku aliyochelewa, hata siku theluji ilipoziba mlango akaingilia dirishani.

Mimi alinipokea kazini mwaka 1996, nikiwa mgeni nisiyejua hata kufunga zipu ya koti la baridi. Alinifungia, akasema, "Haya, sasa unaruhusiwa kulalamikia hali ya hewa kama sisi." Viazi vyake vya kuoka na nyama ya kusaga vimelisha kila sherehe ya maktaba hii, na kila msiba.

Kazi yake ilikuwa kufungua kufuli. Vitabu vingi vya kompyuta huuzwa vikiwa vimefungwa kwa kufuli la kidijitali ili visinakiliwe, na mashine ya kusoma kwa sauti haiwezi kumsomea asiyeona. Sheria inakataza kulivunja kufuli hilo, hata kwa aliyenunua kitabu. Wasioona walipewa ruhusa ya pekee, ila ruhusa hiyo hufa kila baada ya miaka mitatu na lazima iombwe upya. Zamani ilikuwa pia na sharti: kitabu kifunguliwe tu ikiwa kila toleo lake la kompyuta limefungwa. Likiwapo moja tu linalosomeka kwa sauti, basi tena.

Novemba 2007 alipiga simu Mzee Orville Tveit, aliyefanya kazi kwenye maghala ya ngano mpaka macho yalipomzimika. Binti yake Solveig alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akiacha kitabu kimoja alichokiandika kuhusu maisha yao shambani, kilichotolewa kwa kompyuta tu. Moyo wa mzee ulikuwa umechoka, na madaktari hawakumficha. Bi. Haugen alijitolea kumsomea kwa simu.

"Hapana, mama," alijibu. "Mle kuna mwaka mzima ambao mimi na yeye hatukusemezana. Sitaki kuusikia huku mtu anasikiliza ninavyopumua. Wewe nifungulie tu, nijisomee kama watu wengine."

"Nipe wiki moja."

"Wiki ninayo. Usije ukaomba ya pili."

Aliomba kumi zaidi. Katika orodha ya duka lililokwisha kufungwa alikuta toleo linalodaiwa kusomeka kwa sauti. Mwanasheria wetu alisema tusiguse kitu mpaka ithibitike kwamba toleo hilo halipo. Mwingine angefungua akanyamaza. Bi. Haugen aliogopa kwamba kosa letu moja lingetumiwa kuwanyima wasioona wote ruhusa katika ombi lijalo. Akaandika barua baada ya barua. Kila Jumatatu mzee alipiga simu: "Bado mnatafuta? Nyinyi watu mnamtafuta ng'ombe aliyekwisha kuliwa!"

Jibu lilifika Jumanne moja ya Februari. Toleo lile halikuwahi kuuzwa, orodha ilikosewa. Mzee Tveit tulikuwa tumemzika Jumamosi.

Siku hiyo hiyo Bi. Haugen alikifungua kitabu. Ilimchukua dakika nne. Alisikiliza mstari wa kwanza kuhakikisha sauti iko safi, kama alivyofanya kwa kila kitabu, kisha akazima.

Tangu hapo, kila ruhusa ilipoombwa, alikwenda Washington kwa maofisa wanaoitoa na kuyaeleza haya bila kulia, tarehe kwa tarehe. Watu wengi walilalamikia sharti lile, naye akiwamo, na mwishowe likaondolewa. Tulipompongeza alisema, "Mpigieni Orville, kama mnayo namba yake."

Mwaka huu ruhusa inaombwa tena. Ombi liko mezani kwake, limechapwa, nafasi ya sahihi ameiacha wazi kwa atakayemrithi.

Bi. Haugen, asante kwa miaka yote, kwa viazi, kwa zipu. Tunajua unaondoka na kitabu cha Solveig, na kwamba miaka kumi na mitano hujauvuka mstari ule wa kwanza. Tunakuombea afya, nyumba yenye joto na siku ndefu. Na siku utakapoamua kukisikiliza, uwe peke yako, pasiwe na mtu wa kusikia unavyopumua.