Mzee Gethin Probert na Mazoezi Matatu ya Mwisho

Mzee wetu Gethin Probert alizaliwa Pontardawe, Welisi, tarehe 9 Machi 1941, mtoto wa pili wa Bwana Ifor na Bi Ceinwen Probert. Mama yake alisimulia kwamba mtoto alilia kwa sauti nzito tangu siku ya kwanza, mkunga akasema kanisa limepata besi.

Alisoma hapo hapo Pontardawe. Aliipenda shule, shule nayo ilimvumilia hadi alipotimiza miaka kumi na mitano. Mwaka 1956 aliingia mgodi wa makaa ya mawe, akawa fundi umeme mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1985. Kisha aliendesha basi la shule huku akiimba, hadi kustaafu, na watoto wa bonde zima wakajua tenzi bila kupenda.

Juni 1964 kwaya ya wanaume, Gethin akiwa safu ya nyuma, iliimba kanisani. Walipomaliza, binti aliyekaa kiti cha mbele, Nesta Rosser, alimfuata akamwambia, "Wewe kaka wa nyuma, mdomo umeufungua kama tanuri, lakini ninayemsikia ni jirani yako." Walifunga ndoa Aprili 1966. Jirani mwenyewe, Hywel Beynon, ndiye aliyemsimamia.

Kwayani Gethin alikuwa katibu kwa miaka mingi, akilinda sheria moja kama askari wa lango: anayekosa mazoezi matatu ya mwisho, jukwaani hapandi. Hywel alivunjika mguu, akakosa, akabaki chini anapiga makofi. Alimnunia katibu wake kiangazi chote.

Mwaka 2021 vumbi la mgodini lilimdai Gethin mapafu yake. Yeye na Nesta walihamia kijiji cha wastaafu cha Bryn Eithin, kule kule alikokwenda na kwaya kila Desemba kuwaimbia wazee. Alipouliza wazee wako wapi, Nesta alimpa kioo.

Desemba 2023 kwaya ilikuwa inakuja tena. Gethin alitamani kusimama na wenzake mara moja tu, lakini kwa mtungi wa oksijeni hakuweza kufika mazoezini. Bi Mererid, kiongozi wa kwaya, alipiga simu kumwahidi kiti kati ya besi. Akakataa. "Mwanangu, nilimnyima Hywel na mguu wake. Nitakaa na wasikilizaji, nile keki."

Hywel ndiye aliyepata dawa. Sheria ilisema mazoezi. Haikusema yafanyike wapi. Jumanne tatu mfululizo kwaya nzima ilifanyia mazoezi sebuleni Bryn Eithin, wazee wakiwa katikati ya bingo, mchezo wao wa kutajiwa namba. Bi Olwen Pask, jirani wa korido moja, alilalamika kwamba namba hazisikiki. Jumanne ya tatu akataka wimbo urudiwe, eti besi wamechelewa. Hapo Hywel akamgeukia rafiki yake: "Katibu, umehudhuria yote. Ukibaki chini sasa, huo ni uvivu."

Tarehe 16 Desemba aliimba, ameketi, koti jekundu la kwaya likimpwaya. Noti nyingine hakuzifikia. Alizozifikia zilitikisa vikombe vya chai. Nesta, kiti cha mbele kama kawaida yake, alimfuata walipomaliza akamwambia, "Leo nimekusikia wewe."

Alifariki usingizini tarehe 27 Januari 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Nesta.

Ameacha mjane, Nesta, watoto wawili, Delyth na Geraint, wajukuu wanne, na Hywel, ambaye leo amebeba jeneza kwa mguu ule ule.

Apumzike kwa amani, na besi wa huko juu wajihadhari: katibu amefika.